Mtoto Mbele ya Sahani ya Kigeni



Barua mbili zimefika mezani kwetu karibu kwa wakati mmoja, moja kutoka Muyinga na nyingine kutoka Gitega. Zote zinauliza juu ya jambo ambalo kwa mtu mwenye haraka laweza kuonekana dogo. Tumeona yafaa tuzijibu pamoja, maana kila moja inaifafanua nyingine.

Mama wa Muyinga, ambaye ni mke wa askari polisi, anaandika ya kwamba mumewe amewaahidi watoto safari ya Bujumbura wakati wa likizo, na huko watakula katika mkahawa wa Kichina unaopika pia vyakula vya Kivietnam. Watoto ni watatu, wenye miaka 4, 7 na 11. Mdogo anafurahi kwa sababu atapanda gari. Wa kati anauliza maswali kutwa. Mkubwa ameapa ya kwamba hataonja chochote, maana shuleni ameambiwa kuwa Wachina hula nyoka. Mama anauliza: "Je, nimlazimishe, au nimwache akae na njaa hali tumekwisha kulipa? Tena sisi ni Waislamu. Nitajuaje kilichomo chunguni?"

Barua ya pili ni ya baba, mwanajeshi wa Gitega. Alikuwa kazini nje ya nchi katika kikosi cha kulinda amani, na huko alizoea kula tambi za mchele pamoja na wenzake wa mataifa mengine. Aliporudi alileta pakiti chache na chupa ya sosi ya soya, akaingia jikoni mwenyewe Jumapili moja. Watoto wakacheka. Mwanawe mwenye miaka 6 akakataa kabisa. Baba akaamuru mtoto asiondoke mezani mpaka sahani iwe tupu. Mtoto akala huku analia, kisha akatapika. "Tangu siku hiyo," anaandika baba huyu, "nikiingia jikoni yeye hutoka nje. Sikumpiga, lakini naona kuna kitu nimekivunja."

Twamshukuru baba huyu kwa kusema kweli. Wengi wetu tumefanya kama yeye, na hatukuandika barua.

Si anasa tu

Huenda msomaji akauliza: watu wa Gitega na Muyinga wana haja gani na vyakula vya Kichina? Mikahawa ya namna hii iko zaidi Bujumbura. Aliye Gitega husafiri kilomita kama 100, na wa Muyinga karibu 200. Nauli ni nauli, na mshahara wa askari unajulikana.

Ni kweli. Lakini tuyatazame maisha ya nyumba zetu. Mtoto wa askari hana kijiji kimoja. Leo baba yuko Muyinga, mwaka ujao amehamishiwa Gitega, kisha Bujumbura au Rumonge. Kila mahali pana jiko lake. Mtoto aliyezoea ugali wa muhogo na maharagwe peke yake hupata taabu akifika mahali ambapo majirani wanapika vingine; hukonda na kununa, na mama hulaumiwa. Bali mtoto aliyefundishwa kuonja huhama na tumbo lake likiwa tayari.

Tena kuna jambo zito zaidi. Utafiti wa afya ya jamii uliofanywa nchini Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha ya kwamba asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi: umaskini, maradhi, maji machafu, uzazi wa karibu karibu. Miongoni mwake imo pia sahani isiyobadilika, yenye wanga mwingi na vyakula vichache vya kujenga mwili. Hatusemi ya kwamba bakuli moja la supu ya Hanoi litaondoa tatizo hilo. Tunasema tu ya kwamba mtoto anayekubali kuonja kitu kipya mkahawani, kesho atakubali yai, soya, samaki na mboga za majani ambazo jana alizisukuma kando. Ujasiri wa ulimi ni mmoja.

Na wageni hawa si wa mbali tena. Burundi na China zilianza uhusiano wa kibalozi mwaka 1963, ukakatika mwaka 1965, ukarudishwa mwaka 1971. Wataalamu wa kilimo kutoka China wamefanya kazi mashambani pamoja na wakulima wetu wa Gihanga, katika bonde la Imbo, wakiwafundisha kulima mpunga chotara, yaani ule uliotokana na kazi ya Yuan Longping na wenzake katika miaka ya 1970. Nao Wavietnam walikuja hasa kwa kazi ya simu. Kampuni ya Lumitel, iliyoanza kutoa huduma nchini Burundi mwaka 2015, ni ya Viettel, na Viettel inamilikiwa na Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Kwa hiyo askari anayempigia mkewe simu kwa laini hiyo amekwisha kuwa jirani wa askari wa Vietnam, hata kama hajawahi kuonja chakula chake.

Kosa langu mwenyewe

Kabla ya kutoa shauri, sina budi kueleza jinsi mimi mwenyewe nilivyokosea, nisije nikaonekana mwalimu asiyewahi kuwa mwanafunzi.

Nilipompeleka binti yangu kwa mara ya kwanza katika mkahawa wa namna hii, alikuwa na miaka 8. Nilijiona mama mwerevu. Nilimvika gauni la sikukuu na kumweleza njia nzima ya kwamba tunakwenda kula chakula cha watu wa mbali. Tukaketi. Chakula kikaletwa: wali mweupe, kuku aliyekatwa vipande vidogo katika mchuzi mzito wa rangi ya kahawia, na mboga zilizokaangwa upesi hata zikabaki mbichi kidogo. Mtoto akanyosha kijiko. Hapo ndipo nilipomwinamia mume wangu nikamnong'oneza, kwa kucheka, ya kwamba Mungu ndiye ajuaye kama yule alikuwa kuku kweli.

Mtoto alisikia. Akaweka kijiko chini. Nikamwambia ale, akakaza midomo. Nikambembeleza, nikamtisha, nikamwahidi peremende. Hakuna lililofaa. Sahani ikarudi jikoni kama ilivyokuja. Baada ya kitambo kidogo mpishi akatoka mwenyewe, mtu wa makamo, aproni yake ina madoa ya mafuta. Akatazama mtoto, kisha akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kiswahili cha kutafuta maneno: "Mama, chakula kibaya?"

Sikuwa na jibu. Chakula hakikuwa kibaya. Sikuwa hata nimekionja. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wangu kumdharau mtu aliyesimama mbele ya moto kutwa ili sisi tule, na nilimfundisha kwa sentensi moja tu. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mara nyingi tunadhani malezi ni yale tunayoyasema kwa sauti kubwa, kumbe mtoto huyashika zaidi yale tunayonong'ona.

Basi, mama wa Muyinga, shauri la kwanza ni hili: kabla ya kuushughulikia ulimi wa mtoto, shughulikia uso wako. Ukikunja pua, naye atakunja. Ukitia mzaha juu ya nyama, naye atatapika hata kabla ya kula.

Juu ya nyoka

Na huyu mkubwa wa miaka 11 aliyeambiwa habari za nyoka, asidanganywe. Mwambie kweli: wako watu katika baadhi ya sehemu za kusini mwa China ambao hula nyoka, kama vile Waganda wanavyokula senene na majirani zetu wa Kongo wanavyokula viwavi. Sisi nasi hula dagaa, yaani ndagala wa Tanganyika, pamoja na kichwa na macho yake, na mgeni asiyewazoea hushtuka. Kisha mwambie ya kwamba China ni nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, na ya kwamba hakuna mtu anayeletewa mezani kitu ambacho hakukiagiza. Orodha ya vyakula itasomwa naye mwenyewe. Mtoto wa umri huo hupenda kupewa kazi ya ukubwa. Mpe kazi ya kusoma orodha na kumwuliza mhudumu kila chakula kimepikwa kwa nini. Anayeuliza haogopi kama anayenyamaza.

Ulimi hauamrishwi

Sasa tugeukie Gitega. Ndugu yetu mwanajeshi amezoea amri, na kazini amri ni jambo jema. Lakini ulimi wa mtoto haujui cheo.

Wataalamu wa malezi wameona ya kwamba hofu ya chakula kipya ni ya kimaumbile, nayo huwa kali zaidi kati ya miaka 2 na 6. Huenda ilimlinda mtoto tangu zamani asile kila jani analolikuta njiani. Kwa hiyo mtoto wa miaka 6 anayekataa tambi asizozijua si mkaidi wala hajadekezwa. Wameona pia ya kwamba mtoto aghalabu huhitaji kuonja chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu, wakasema, "Huyu hapendi." Kumbe safari ilikuwa haijafika hata nusu.

Kumlazimisha mtoto kuna hasara nyingine. Chakula kilichomezwa kwa machozi hukaa akilini pamoja na machozi yake. Na kumwahidi peremende ili ale, kama nilivyofanya mimi, humfundisha ya kwamba chakula kile ni adhabu na peremende ni fidia. Yote mawili huongeza chuki.

Njia ifaayo ni kumwonyesha mtoto kile anachokijua ndani ya kile asichokijua. Nasi watu wa Burundi, hasa tuliokulia penye jiko la Waswahili, tunacho cha kuonyesha.

Twaa sambusa. Hakuna mtoto wa Muyinga wala wa Gitega asiyeijua. Wavietnam wana chakula kiitwacho nem: mboga, nyama ya kusaga na tambi nyembamba, vikafungwa katika karatasi laini ya unga wa mchele na kukaangwa katika mafuta mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Umbo si la pembetatu bali la kidole kinene, lakini mwambie mtoto ya kwamba huyu ni binamu ya sambusa, naye atamtambua kwa mlio wake anapomng'ata.

Twaa pilau. Mdalasini na karafuu tunavyotia katika pilau ya Idi hutiwa pia katika pho, supu ya Wavietnam yenye mifupa ya ng'ombe na tambi za mchele, iliyoanza kaskazini ya nchi yao mwanzoni mwa karne iliyopita. Wao huongeza tangawizi na vitunguu vilivyochomwa motoni, na kiungo chenye umbo la nyota kinachonukia kama shamari. Mwinamishe mtoto juu ya bakuli, mwambie anuse kwanza bila kula. Mara nyingi pua hukubali kabla ya mdomo.

Twaa mkate mrefu, wenye ganda gumu. Ulifika kwetu pamoja na Wabelgiji. Vietnam ulifika pamoja na Wafaransa, waliotawala huko mpaka mwaka 1954. Wavietnam wakaupasua, wakatia nyama, matango, karoti za siki na majani ya giligilani, wakauita bánh mì. Mtoto aliyezoea kula mkate na chai hatauogopa.

Na twaa ndagala wetu. Mchuzi wa samaki wa Kivietnam, uitwao nước mắm, hutengenezwa kwa samaki wadogo na chumvi vilivyoachwa katika mapipa kwa miezi mingi. Harufu yake ni kali, lakini mtoto aliyekulia karibu na gunia la ndagala sokoni ameizoea zaidi kuliko anavyodhani.

Kabla ya safari

Mama wa Muyinga asingoje mpaka siku ya Bujumbura. Mkahawa ni kama mtihani. Mazoezi hufanyika nyumbani. Hapa twatoa mapishi mawili yasiyohitaji kitu kigeni isipokuwa sosi ya soya kidogo, nayo ikikosekana chumvi inatosha.

La kwanza ni wali wa kukaanga wa Kichina. Pika wali mkavu kidogo asubuhi, utandaze katika sinia upoe upesi, uufunike kwa kitambaa safi, na uutumie mchana uo huo. Kwa kuwa nyumba nyingi hazina jokofu, usiulaze wali mpaka kesho yake. Wali uliokaa katika joto huzaa vijidudu ambavyo hata moto wa pili hauondoi sumu yake. Katakata kitunguu, karoti, kabichi na kipande cha tangawizi, vyote vidogo sana. Piga mayai mawili, uyakaange peke yake katika mafuta kidogo na kuyaweka kando. Moto ukiwa mkali, kaanga kitunguu na tangawizi, kisha karoti, kisha kabichi, dakika chache tu. Tia wali, ugeuze bila kupumzika, rudisha mayai, nyunyiza kijiko kimoja cha sosi ya soya. Sosi hiyo ina chumvi nyingi. Kwa mtoto mdogo usizidishe, na usitie chumvi nyingine.

La pili ni supu ya mfano wa pho. Ngoja siku ya kupika maharagwe, maana jiko liko moto tayari na makaa hayapotei bure. Chemsha mifupa ya ng'ombe dakika 10, mwaga maji yale, osha mifupa, utie maji mapya. Choma kitunguu kizima na tangawizi juu ya makaa mpaka viungue nje, vimenye, uvitie chunguni pamoja na kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu tatu. Acha itokote polepole kwa saa tatu au zaidi, ukiondoa povu. Tambi za mchele zikikosekana, tumia tambi nyembamba za kawaida, zichemshwe kando. Weka tambi bakulini, juu yake vipande vyembamba vya nyama iliyoiva, kisha mimina supu ya moto. Ndimu, giligilani na pilipili ziwekwe mezani peke yake, kila mtu ajitilie. Jambo hili la mwisho ni muhimu kwa watoto: mtoto anayeruhusiwa kukamua ndimu yake mwenyewe ameanza kukimiliki kile chakula.

Mpe kila mtoto kidogo sana, vijiko viwili tu, kando ya chakula alichokizoea. Akila, usimsifu kupita kiasi. Asipokula, usiseme neno. Ondoa sahani kwa uso uleule, na juma lijalo upike tena.

Mkahawani

Siku yenyewe ikifika, fikeni mapema, kabla mkahawa haujajaa na kabla watoto hawajachoka kwa njaa. Agizeni vyakula vya namna tatu: kimoja wanachokijua kabisa, kama wali mweupe, kimoja kilicho binamu ya wanachokijua, kama nem au wali wa kukaanga, na kimoja kigeni kabisa, ambacho wazazi watakila mbele yao kwa utulivu. Hivyo hakuna mtoto atakayeondoka na njaa, na fedha hazitapotea.

Juu ya halali, mama yetu asione haya. Nyama ya nguruwe hutumika sana katika mapishi ya Wachina na Wavietnam, pengine ndani ya nem, pengine katika supu, na pengine mafuta yake hutumika kukaangia hata mboga. Baadhi ya michuzi hutiwa mvinyo wa mchele. Uliza kabla ya kuagiza, wazi na kwa heshima: nyama ni ipi, imechinjwa na nani, mafuta ni ya nini, je, mna chungu kilichotengwa. Jibu lisipokuridhisha, hata mboga zaweza kuwa zimepita katika chungu kilekile. Kunyweni chai na kwendeni zenu kwa amani. Wapo pia Wakristo wasiokula nguruwe. Kuuliza si ujinga wala si dharau. Mwelezeni mtoto tofauti hii mapema: "Hiki hatuli kwa sababu ya dini yetu" ni neno la heshima, "Hiki ni kichafu" ni tusi kwa mwenyeji.

Kadhalika ulizeni juu ya karanga, kamba na soya ikiwa mna mtoto anayevimba au kuwashwa na vyakula hivyo. Na huyu wa miaka 4 asipewe karanga nzima wala nyama yenye vipande vya mfupa, asije akapaliwa.

Juu ya vijiti vya kulia, wapeni watoto wavichezee kidogo, kisha waleteeni vijiko. Hakuna aibu. Ila wafundisheni adabu moja: vijiti havisimamishwi wima ndani ya wali, maana kwa Wachina na Wavietnam hivyo ndivyo inavyofanyika kwa ajili ya wafu.

Na iko desturi moja ya Wavietnam ambayo nadhani itawapendeza wazazi wetu wote. Katika nyumba nyingi za huko, mtoto hainui bakuli lake kabla ya kuwakaribisha wakubwa mmoja mmoja: babu, bibi, baba, mama, karibuni chakula. Kisha ndipo hula. Sahani huwekwa katikati na watu wote huchota humo, kama tulavyo sisi katika sinia. Waambieni watoto habari hii, na wajaribu siku hiyo. Kama muda utawaruhusu wakati wa kungoja chakula, wasimulieni pia ya kwamba mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, zama za safari za Zheng He, na watu wa huko wakamshangaa mnyama yule kama wao wanavyoishangaa sahani ile leo.

Mwisho, mtoto akamshukuru mpishi. Hata kama alikula wali mweupe peke yake, akashukuru.

Kwa baba wa Gitega

Ndugu, wewe swali lako ni kubwa kuliko tambi. Kwa muda fulani usipike tena chakula kile. Kwanza mwite mwanao mkiwa wawili, umwambie ya kwamba siku ile ulikosea, na ya kwamba hutamlazimisha tena kumaliza sahani. Wako watakaokuambia ya kwamba baba haombi radhi kwa mtoto. Wewe mwenyewe kazini umeona ya kwamba kamanda anayekiri kosa lake haheshimiwi kidogo.

Kisha siku nyingine mwombe msaada, bila kumwambia ale: amenye tangawizi, achambue giligilani, akuambie kama maji yamechemka. Weka bakuli katikati, mjitilie nyinyi mnaopenda, yeye mwache na maharagwe yake. Akitaka kuonja, ataonja. Asipotaka, amekuwa jikoni pamoja na baba yake, na hilo ndilo lililopotea. Umwambie na habari za wenzako uliokula nao huko ng'ambo. Mtoto hukubali zaidi chakula chenye hadithi ndani yake kuliko chenye amri.

Binti yangu niliyewasimulia, tulimrudisha katika mkahawa uleule baada ya miezi minane. Safari hiyo nilikula kwanza mimi. Yeye alikula wali mweupe, na nusu ya nem moja, akaiacha nusu ya pili. Mara ya tatu alimaliza mbili. Mboga zile zisizoiva sana hazipendi mpaka leo, wala hatumshurutishi. Mpishi alikuwa amekwisha kuondoka, mahali pake pana mwingine, kwa hiyo sikupata nafasi ya kumjibu swali lake. Nalijibu hapa: hapana, ndugu, chakula hakikuwa kibaya.

Mama wa Muyinga, tunakutakieni safari njema, na utuandikie utueleze mkubwa alifanya nini. Wasomaji wengine walio na maswali ya nyumba na malezi, watuandikie kama kawaida. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi maharagwe yasibunguliwe wakati wa mvua.